Mlio Waliousifu

Kazi yangu ni kukosoa michezo ya video. Papa, ambaye ni mkulima wa maharagwe wa Bihambwe na hajawahi kugusa mchezo hata mmoja, aliwaeleza majirani kwamba binti yake anasahihisha michezo kama mwalimu anavyosahihisha mitihani. Walipomuuliza kama kuna inayofeli, akajibu kwamba mingi inafeli. Sikuona sababu ya kumrekebisha.

Nilianza kazi hiyo nikiwa mwanafunzi wa Kifaransa mjini Goma. Kuna tovuti ndogo inayoendeshwa na Wakongomani walio ng'ambo, na mhariri wake, mtu ambaye hadi leo ninamjua kwa sauti tu, alipenda barua niliyomwandikia kumkosoa yeye mwenyewe. Tangu hapo nacheza, naandika kurasa mbili, natoa alama juu ya kumi. Nilirudi Masisi kwa ajili ya Papa. Barabara ya kwenda shambani kwake ilikuwa haipitiki tena kwa sababu ya vita, akaja kukaa nami mjini Masisi akiwa na jembe moja na mfuko wa mbegu, na ilibidi mtu awe karibu naye.

Mtandao niliupata kwa Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo. Duka lake liliuza misumari, mabati, sabuni na kamba za ng'ombe. Nyuma ya duka alikuwa na chumba chenye kompyuta nne, umeme wa jua na sahani ya satelaiti juu ya paa. Alikuwa amekifungua ili watu waandikiwe barua na kuchapishiwa vyeti. Michezo niliileta mimi, na mtu wa kwanza kuipenda alikuwa yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, rozari shingoni, ambaye hakosi misa.

Mchezo ninaousimulia sitautaja jina. Ni mchezo wa kufyatuliana risasi kwa vikosi, sita dhidi ya sita, watu wa nchi mbalimbali wakikutana kwenye mtandao. Ulipotoka, wakosoaji waliupokea kwa shangwe. Nilisoma kila kilichoandikwa kwa Kifaransa, na cha Kiingereza kadiri nilivyoweza. Walisifu milima. Ilikuwa nchi ya kubuni, lakini ilikuwa na vilima vya kijani vilivyopangana, ukungu, migomba, nyumba za mabati yenye kutu. Mmoja aliandika kwamba alitamani kuweka silaha chini akae tu kwenye nyasi. Walisifu nyumba zenyewe, jinsi kila moja ilivyokuwa na sufuria, kiti kilichoanguka, nguo kwenye kamba.

Walichokilalamikia wote ni sauti. Bunduki za mchezo ule zililia kama fimbo juu ya debe. Risasi hazina uzito, waliandika. Nami niliandika hivyo hivyo. Nilitoa nane, nikaeleza kwamba mbili nimezikata kwa sababu ya milio isiyomtisha mtu. Nimekulia Bihambwe, nilijua bunduki inavyolia kabla sijajua kusoma. Lakini nilipoandika sentensi ile sikuiwaza Bihambwe hata kidogo. Niliwawaza wakosoaji wenzangu, hasa mmoja wao, mtu mzima mwenye jina kubwa huko Ulaya, ambaye nilikuwa nikisoma aya zake kwa sauti ili nijifunze jinsi zinavyotembea. Nilitaka nionekane ninakaa naye meza moja.

Kikosi chetu cha Masisi kilikuwa na watu wanne. Mimi; Mama wa duka; muuguzi wa kituo cha afya, mtu mpole wa maneno machache; na dereva wa pikipiki aliyekimbia vita kutoka Kashuga miaka iliyopita, ambaye siku hizi hupeleka abiria na mizigo upande wa Walikale. Kila mmoja alichagua kazi yake mchezoni, na uchaguzi wenyewe ulinichekesha. Muuguzi alitaka bunduki ya kulenga kutoka mbali. Mama alikataa kupiga risasi hata moja; alichukua nafasi ya mganga, yule anayekimbia kwa walioanguka na kuwainua. Aliinua watu vizuri kuliko yeyote niliyewahi kucheza naye. "Amuka, mutoto," alikuwa akisema kila mara, hata kwa watu wasiojua Kiswahili.

Nafasi mbili zilizobaki mtandao ulizijaza wenyewe, na mara nyingi tulipewa watu wale wale wawili, mwanaume na mwanamke waliozungumza Kifaransa cha ng'ambo. Baada ya wiki chache tulikuwa tunasalimiana. Mwanaume alikuwa mcheshi, mwenye kuuliza-uliza. Dereva alimwambia tuko Afrika, naye akatuonea huruma kwa joto. Sisi tulikuwa tumevaa makoti. Tulicheka sana, na hatukumweleza zaidi. Mchezoni mtu hatakiwi kueleza anatoka wapi, na hilo kwetu lilikuwa pumziko.

Mtu mmoja zaidi lazima nimwelezee. Kulikuwa na mwanamke aliyeshuka kila asubuhi kutoka kilima kilicho juu ya mji, akileta maziwa. Mume wake alichunga ng'ombe wa watu. Yeye alibeba bidoni mbili, madumu ya plastiki, moja mgongoni kwa kamba ya kichwani, nyingine mkononi, na mlango wa duka ulikuwa mahali pake pa kutua. Mama wa duka alinunua kwake maziwa ya chai yetu. Siku moja mwanamke huyo alichungulia chumbani, akasimama nyuma ya kiti changu nikiwa ninakagua nyumba moja ya mchezo. Alitazama sufuria iliyo juu ya mafiga, kiti, nguo kwenye kamba.

"Batu ya hii manyumba iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna watu, ni mchezo tu, nyumba zimewekwa za kujifichia. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la heshima lisilojibu. Akachukua bidoni zake akaenda.

Watengenezaji walikuwa wamesikia malalamiko ya wakosoaji. Walitangaza kwamba wataleta masahihisho, na kwamba milio yote ya bunduki itabadilishwa. Siku ilitajwa, ikasogezwa, ikatajwa tena. Mhariri wangu alitaka niwe miongoni mwa wa kwanza kuandika juu ya milio mipya. Kwa hiyo Jumamosi ile mchana tuliketi wote wanne kwenye kompyuta, tukiwa hatujui kama masahihisho yamefika ama la. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ndiyo kwanza inakatika. Papa alikuwa amekwenda sokoni kutafuta mbegu. Tulivaa kaske zetu, zile za kufunika masikio, zenye mikro mbele ya mdomo. Wale wenzetu wawili wa mbali walikuwemo. Tulikuwa tunapanda kilima cha mchezo, sisi sita kwa mstari.

Mlio wa kwanza niliudhani wa mchezo. Nakumbuka wazi kwamba nilifurahi. Nilijiambia, ah, wamesahihisha.

Mama ndiye aliyevua kaske kwanza. Nilimwona akigeuza kichwa kuelekea ukutani, mdomo wazi. Kisha muuguzi akanivuta mkono, nami nikaanguka pamoja na kiti changu. Walikuwa wanapiga kutoka upande wa barabara, karibu kiasi kwamba mabati yaliyopangwa dukani yalikuwa yanatetemeka. Tulilala chini, sakafu ya saruji ikiwa baridi chini ya shavu langu. Dereva alijikunja nyuma ya mlango. Mtu wa Kashuga hafundishwi kulala chini. Mimi nilisahau kila kitu nilichowahi kukijua, nikaanza kumwita Papa. Nilipiga kelele kwamba Papa iko sokoni, Papa iko sokoni, mara ngapi sijui. Mama alitambaa hadi kwangu, akanifunika kwa mwili wake.

"Lala," akaniambia. "Lala chini, mutoto." Kisha akaanza Salamu Maria.

Hakuna aliyekumbuka kuzima chochote. Kaske zetu zilining'inia kwenye meza kwa nyaya zake, mikro zikiwa wazi, na kila risasi zilipokoma kidogo nilisikia kutoka juu yetu sauti ndogo ya yule mwanaume wa mbali. Sauti ya mtu aliyefurahi. Alikuwa anamwambia mwenzake asikilize. Alikuwa anauliza ni kaske ya aina gani tunayotumia. Halafu zikapigwa kwa mfululizo mrefu kuliko yote, na zilipokwisha nikamsikia akisema kwa Kifaransa, polepole, kama mtu aliyetua mzigo:

"Hatimaye. Hivi ndivyo bunduki inavyotakiwa kulia."

Nililisikia hilo nikiwa nimelala chini ya mwanamke anayesali. Sikukasirika. Nataka niseme ukweli: sikuwa na nafasi ya hasira. Nilishangaa tu, mshangao mtupu kama wa mtoto aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua.

Kulipotulia, muuguzi aliondoka kwa kukimbia kwenda kituo cha afya bila kutuaga. Mimi nilikimbia sokoni. Papa nilimkuta njiani akija, magoti na mikono yake imejaa tope, mfuko wa mbegu bado uko kwapani. Alikuwa amelala chini ya meza ya muuza muhogo. Aliniambia niache kumshikashika, yeye ni mzima. Kisha akaniambia kwamba kuna mtu amelala juu barabarani.

Alikuwa ni mama wa maziwa. Mvua ilimchelewesha kushuka asubuhi, akauza akiwa amechelewa, na alikuwa anapanda kurudi kwake na bidoni tupu. Hakuna aliyemlenga, walisema waliomwona. Alikuwa tu katikati ya watu waliokuwa wanapigana. Muuguzi alimfikia. Baadaye alituambia kwamba hapakuwa na lolote la kufanya, na akarudia maneno hayo mara mbili, akitazama mikono yake.

Tulimzika Jumatatu. Mama alikuwa amezima sahani ya satelaiti, na duka lilifungwa siku zote za kilio. Alhamisi akaiwasha tena sahani kwa sababu watu walihitaji kuwatumia ndugu zao habari, nami nikafungua barua zangu. Mhariri aliandika mara nne. Aliuliza kama nimesikia sauti ambayo dunia nzima ya wachezaji inaizungumzia. Aliniwekea na anwani ya ukurasa wenye sauti hiyo, nisikilize.

Yule mwenzetu wa mbali alikuwa anarekodi mchezo wetu, kama alivyozoea kufanya. Alikata kipande cha dakika tatu akakiweka hadharani, akiandika kwamba milio mipya imefika na ni ya ajabu. Kwenye picha tunaonekana sisi sita tukipanda kilima, halafu wanne wetu wanasimama ghafla, hawatembei tena, wamesimama kwenye nyasi kama miti. Na juu ya picha hiyo inasikika Jumamosi yetu yote.

Watu walikuwa wamesikiliza kwa maelfu. Walibishana. Wengine walisema kwao masahihisho hayajafika, mbona milio ni ile ile ya debe. Wakajibiwa kwamba huenda yanafika nchi kwa nchi. Walijadili jinsi mwangwi unavyogonga kilima kimoja kisha kingine. Walijadili mtetemo wa mabati, wakasema mtu aliyeufikiria apewe tuzo. Walisifu sala. Mmoja alieleza kwamba ni Kiswahili, na wenzake wakawapongeza watengenezaji kwa kujali lugha za wenyeji.

Na yule mkosoaji mkubwa, ambaye aya zake nilizisoma kwa sauti, alikuwa ameandika pia. Nilisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu nilikuwa nimeinuka nikashindwa kukaa tena. Aliandika kwamba hajawahi kusikia milio bora katika mchezo wa aina hii. Kisha, kwa kuwa mkosoaji hawezi kusifu tu, akataja kasoro moja. Kasoro hiyo ilikuwa uigizaji. Mwanamke mzee anayesali, aliandika, ni mzuri na ana kiasi. Mwanamke kijana anayemwita baba yake anazidisha, anarudia maneno mno, mtu haogopi namna ile.

Nilikisoma kipande hicho kwa Kifaransa, kisha nikakitafsiri kimoyomoyo kwa Kiswahili, kama kwamba katika Kiswahili kingekuwa na maana nyingine. Mama aliniuliza ninasoma nini. Nikamwambia wameandika juu yetu. Nilipomweleza, hakuelewa kwanza. Alidhani mtu ametuonea huruma. Nilipomweleza mara ya pili aliuliza kitu ambacho mimi sikuwa nimekifikiria.

"Na ile mulio yenye ilimuua mama wa maziwa, iko mule ndani?"

Iko. Ule mfululizo mrefu. Watu waliokuwa barabarani walisema ni pale ndipo alipoanguka. Wasikilizaji waliuandikia dakika na sekunde zake, ili wengine waende moja kwa moja kwenye sehemu nzuri.

Nilimtafuta yule mwenzetu wa mbali jioni hiyo hiyo, kabla giza halijaingia. Alifurahi kunisikia. Alisema alidhani tumekatikiwa na mtandao. Nilimwambia tuko Masisi, na kwamba kile si mchezo. Alicheka kidogo, akingoja nimalizie utani. Nikamwambia yule anayezidisha ni mimi, na Papa wangu alikuwa sokoni kweli, na mwanamke aliyekuwa akituletea maziwa tumemzika Jumatatu. Nilisikia kiti chake kikisogea, maji yakifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alisema maneno ya kuomba radhi ambayo hayakupangika, na sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo kuliko nilivyomdhani. Nilimwambia aondoe kipande kile na aandike ukweli. Aliondoa saa ile ile, akaandika.

Lakini kipande kilishanakiliwa. Na ukweli wake ulipokewa kama kazi nyingine ya kukosolewa. Wengine waliamini, wakaandika kwa huzuni. Wengi walisema ni mbinu ya matangazo, tena mbinu mbaya, kutumia vita vya watu. Walituma kipande kama ushahidi kwamba ni uigizaji: sikiliza huyu mwanamke. Yule mkosoaji mkubwa hakubadilisha neno. Sijui kama alipata habari. Nilimwandikia mistari mitatu ya heshima, hakujibu.

Barua iliyonivunja kabisa ilikuja wiki iliyofuata, kwa adabu nyingi. Ilitoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa anashughulikia sauti za mchezo ule. Alisema yeye anaamini kwamba ni kweli, na anatupa pole. Alisema masikio yake yalitambua mara moja, maana kitu kama kile hakitengenezeki. Kisha akauliza kama kuna uwezekano wa kupata rekodi yenyewe, safi, kutoka kwenye kompyuta zetu, na kama tungekubali kuzungumza juu ya matumizi yake.

Niliwasomea wenzangu watatu dukani. Dereva alitaka irudiwe, nikairudia. Muuguzi alitoka nje akasimama uani. Mama alikuwa anapima misumari ya mteja. Alimaliza kuipima, akaifunga kwenye karatasi, akampa mteja na kumuaga. Ndipo akaniambia, "Andika hapana. Na usiweke merci."

Niliandika hapana. Asante sikuiweka.

Hata hivyo Mama hakuridhika. Alisema kuna mtu mmoja mwenye haki ya kujua kwamba kitu hiki kipo duniani, na si mimi wala si yeye. Kwa hiyo Jumapili baada ya misa tulipanda kile kilima, Mama, Papa na mimi. Papa alisema atakuja kwa sababu yeye ndiye aliyemwona marehemu njiani. Mjane wa kiume tulimkuta kwenye zizi, akimkamua ng'ombe kwa mikono mizito ya mtu asiyelala. Alitupa viti, akatuletea maziwa, tukanywa.

Papa alianza, kama inavyofaa. Alimwambia kwamba siku ile kulikuwa na mashine imefunguliwa, ikashika sauti, na sauti hizo zimefika mbali, kwa watu wasiojua zilikotoka, na kwamba binti yake amekuja kueleza asifichwe. Mimi nilieleza mengine. Sikueleza sifa. Nilishindwa. Nilisema tu kwamba watu wengi wamesikia.

Akaomba asikie. Mama alinitazama, nilikuwa nimeiweka rekodi kwenye simu, nikiomba Mungu mjane asiiulizie. Nikaiwasha. Alisikiliza dakika zote tatu akiwa ameinamisha kichwa karibu kabisa na simu, kiganja kikiwa nyuma ya sikio. Ng'ombe walikuwa wanatembea nyuma yetu. Ilipofika mwisho akaomba tena. Mara ya pili alifumba macho.

"Yeye hasikilikane," akasema.

Akafumbua macho.

"Nasikia masasi ya bunduki. Nasikia Mama anaomba Mungu, nasikia weye unalia. Yeye hata sauti yake haiko. Hata bidoni kuanguka haiko." Akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Sasa bale batu wanasikia nini?"

Huo ndio ukosoaji wa haki pekee niliousikia juu ya sauti ile. Papa, ambaye hakuwa amenigusa tangu nilipokuwa mtoto mdogo, aliweka mkono wake mgongoni mwangu tukiwa tunashuka, akauacha hapo mpaka bondeni.

Niliandika. Mhariri alikuwa bado anangojea ukosoaji wa milio mipya, nami nikamtumia kurasa mbili bila alama. Nilianza kwa kukiri kwamba nane yangu ya kwanza niliitoa nikitazama wengine walivyotoa. Niliandika kwamba milio ya bunduki ya mchezo ule ilikuwa hafifu na kwamba sioni tena kuwa hilo ni kosa. Niliandika swali la mama wa maziwa juu ya watu wa zile nyumba, na jinsi nilivyomjibu. Nilisema alikuwa nani: umri wake, kilima chake, bidoni moja mgongoni na moja mkononi. Jina sikuliandika, mume wake hakutaka litembee huko. Na niliandika kwamba sauti yake haimo, kwamba anayetafuta kumsikia asihangaike na dakika wala sekunde.

Mhariri alinipigia. Aliuliza nitaweza kweli kuacha alama, maana tovuti haijawahi kuchapisha bila alama. Nilimwambia aweke yake akitaka. Akasema atachapisha kama ilivyo. Akachapisha.

Masahihisho ya mchezo yalitoka mwezi uliofuata. Sikuyasikiliza. Nilisoma kwamba yamepokewa vizuri. Muuguzi hajashika mchezo tena, wala sisi hatumwiti. Dereva anacheza mpira wa miguu wa kwenye kompyuta anapokuwa hana safari. Mama alikaa wiki sita bila kuvaa kaske, halafu siku moja akaingia peke yake, akacheza kama saa moja, akiwainua watu wasiomjua. Sikumuuliza kwa nini. Aliniambia tu, akitoka, kwamba vijana wa huko wanaanguka sana.

Makala yangu ilipata majibu mengi kuliko chochote nilichowahi kuandika, na mengi yalikuwa yale yale, ya pole na ya shaka. Mjane alikuwa amenituma nimletee kile watakachojibu. Nilimpelekea machache, nikimtafsiria palepale zizini. Aliyapokea kwa heshima, kama mtu anavyopokea mikono ya wageni kwenye kilio, bila kuuliza kitu. Lakini jibu moja lilimfanya aniambie nisome tena. Lilitoka kwa mwanamke wa nchi ambayo hata mimi sikuijua vizuri. Hakusema pole. Aliandika kwamba yeye amelelewa na bibi mwenye ng'ombe, na kwamba anataka kujua: yule mama alikuwa anatembea muda gani na maziwa yale, na aliyafunika kwa kitu gani ili yasimwagike?

Mjane aliweka chini kamba aliyokuwa anasuka.

"Kushuka, saa moja na nusu," akasema. "Kupanda, saa mbili, na kama mvua imenyesha, saa tatu. Anafunika na jani ya mugomba, anakaza na kamba ya mugomba, na hakumwaga hata mara moja. Umuandikie."

Nilitoa simu nikaandika. Akangoja nimalize, kisha akanikumbusha niongeze kwamba ile ya mkononi ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, kwa sababu ya mgongoni aliizoea.